Kabla ya kuchagua kipandikizi cha uume, jaribu vidole vyako

Kisukari kilinimaliza nguvu za kiume nikiwa na miaka 58. Vidonge vilinisaidia mwanzoni, kisha vikagoma. Sindano za kujidunga kwenye uume zilifanya kazi, ila maumivu yake yalinishinda. Ndipo daktari akataja kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya uume kwa upasuaji ili uweze kusimama.

Mimi moyoni nilishachagua cha pampu. Kina mirija miwili ndani ya uume, pampu kwenye mfuko wa korodani na kifuko cha maji ya chumvi chini ya tumbo. Ukiminya pampu, maji yanajaa kwenye mirija, uume unasimama. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha pampu, unalala. Hakuna kinachokaribia zaidi hali ya asili.

Daktari akatoa sampuli kwenye droo, akaniwekea kiganjani. "Minya, mzee." Ikaniteleza. Ncha za vidole vyangu zina ganzi ya kisukari. Nikafumba macho, maana usiku ndivyo ingekuwa, nikashindwa kabisa kujua pampu iko wapi na kitufe kiko wapi. Mama watoto akaichukua, akaiminya bila shida. "Naweza kukuminyia, baba. Lakini wewe mwenyewe unataka hivyo?"

Sikutaka. Nikachukua aina nyingine, ya fimbo mbili zinazopindika ndani ya uume: unauinua kwa mkono, ukimaliza unaushusha. Hazina maji wala pampu ya kuharibika, na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba uume haulegei kamwe. Kwenye kanzu hauonekani, lakini suruali za kubana niligawa zote. Mwenye vidole vizima na uwezo, ningemwambia achukue cha pampu.

Aina yoyote utakayochagua, ukishawekewa hakuna kurudi nyuma: nyama ya ndani inayojaa damu inaharibika, na kikitolewa usitegemee vidonge tena. Hakirefushi uume. Hisia na kufika kileleni kwa kawaida havibadiliki. Mimi niliambiwa nisubiri wiki 6 kabla ya tendo, nikasubiri.

Sukari ishushe kwanza, tafadhali. Upasuaji wangu uliahirishwa kwa sababu hiyo, nikakasirika sana. Baadaye nilielewa kwamba kidonda kikiingia vijidudu, mara nyingi kipandikizi chote hutolewa.

Nenda na mkeo. Na mwulize daktari ameshaweka vingapi kwa mkono wake, na pampu ikigoma baada ya miaka kadhaa, ni nani atakayeibadilisha na kwa shilingi ngapi.