Mwanangu, pua haina bosi

Mama'angu,

Meseji yako niliiona jana usiku, nikaisoma mara mbili afu nikazima simu. Unauliza waini ya shilingi ngapi ndo inafaa, maana Jumamosi mabosi wako wanakuja kula kwako na hutaki kuaibika. Nimeshangaa kidogo, mtoto wa mtu aliyehudumu hotelini miaka 19 anauliza bei. Ungeuliza inatakiwa inukeje ningekujibu palepale.

Unajua mi waini sikufundishwa na mtu wa waini, nilifundishwa na bibi yako, somo wako, chini ya mikorosho kule Ndanda, miezi ile ya Oktoba na Novemba mabibo yametapakaa chini hadi nzi wanalewa. Tunachomoa korosho, bibo linaingia kwenye kinu, linatwangwa, linakamuliwa, kufika kesho yake uraka, ile pombe ya mabibo, ushaanza kutoa povu. Bibi alikuwa hauonji kwanza, anauinamia mtungi anavuta hewa taratibu. Akinyamaza ujue upo sawa, akikunja uso anasema "huu unaelekea kwenye siki", na haupiti muda ni siki kweli. Hakuna mteja aliyewahi kumbishia. Ndo maana nasemaga pua haina bosi, we na kaka zako mnanicheka ila ndo hivyo.

Sasa ile habari ya chupa mnaijua nusu tu, mama yenu huwa ananikatisha. Ilikuwa kipindi kile cha gesi, Mtwara mjini kumejaa wageni hadi vyumba hakuna. Kuna chupa ya nyekundu ilikaa imesimama rafu ya juu karibu na dirisha la jikoni sijui miezi mingapi, na nilishasema, chupa ya kizibo cha mti inalazwa, ikisimama muda mrefu kizibo kinakauka kinasinyaa, hewa inapenya, afu joto letu hili linamalizia kazi. Nani anamsikiliza mhudumu. Siku hiyo naifungua mezani kwa mzungu mmoja, kizibo kinatoka tu, siki. Siki ya bibi kabisa. Nikamwambia mteja kwa adabu, samahani, hii imeharibika, ngoja nikuletee nyingine. Meneja akasikia. Akaja akainusa harakaharaka kama mtu anayekagua soksi, akasema nzima hii, akaimimina mwenyewe, na yule mteja akanywa, mwanangu, akanywa mpaka akaimaliza na akasema nzuri. Jikoni nikaambiwa mbele ya vijana wa zamu, mnywa uraka atajulia wapi waini.

Wakacheka. Hata yule kijana niliyemfundisha kubeba sahani tatu, naye akacheka.

Nimelifikiria lile jambo miaka yote hii. Labda yule mgeni alikuwa na adabu tu. Labda mi ndo nilikosea, maana juzi mdogo wako kanisomea kwenye simu kwamba kule Bordeaux, Ufaransa, kina Frédéric Brochet waliwapa wanafunzi 54 wa mambo ya waini waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, na wakaielezea kwa maneno yaleyale ya nyekundu, utafiti wa 2001 huo. Akaniambia haya baba, pua ina bosi, bosi wake ni jicho. Nilikosa jibu siku nzima. Jioni ndo likanijia, wale walishaiona rangi, mi nilinusa kizibo kabla hata tone halijaingia kwenye glasi! Kwahiyo hapana. Ilikuwa siki.

Haya, turudi kwako. Nyekundu usiiogope ule ukakasi wake unaobana ulimi, ni ndugu wa ukakasi wa bibo, unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, ukiila na nyama yenye mafuta unalainika. Na iweke kwenye friji kama nusu saa hata wakikucheka. Wanaosema nyekundu inanywewa kwa joto la chumba wanasema vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18 hivi, sebule yako hapo Dar ni 30. Ikipata joto pombe ndo inakupanda puani, harufu ingine husikii. Mimina theluthi ya glasi basi, pale juu pabaki wazi, ndo harufu inapokaa.

Na ya Dodoma usiidharau. Kule zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, Ulaya mara moja tu kwa sababu baridi inaulaza mzabibu. Mabosi wako wakiikuta mezani sijui watasemaje, na hapa mkono unaniwasha nikutajie kabisa chupa gani ununue, ila nikikutajia utakuwa umebadilisha bosi tu. Ingawa kusema kweli ile ya laki na zaidi mi sijawahi kuona... basi, naacha.

Nunua mbili tofauti Alhamisi, zilaze, moja ifungue ukiwa peke yako, nusa kwanza afu unipigie hata kama ni usiku. Mama yako anauliza zile korosho zilifika kilo zote tano au yule dereva kazipunguza tena.

Baba yako