Jibu: Clara Wieck na Clara Schumann ni mtu mmoja

Salaam, ndugu. Umeuliza kama ratiba ya tamasha lenu imekosewa, kwa kuwa ina utunzi wa piano na okestra wa Clara Wieck, na mwingine wa piano, fidla na selo wa Clara Schumann. Haijakosewa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika wasifu mbili katika kijitabu cha kwaya yetu, hadi mpiga kinanda aliponivuta kando.

Angalia kwanza mwaka wa kila utunzi: Wieck ni jina lake la kabla ya ndoa, Schumann la baada yake. Clara, mpiga piano na mtunzi, alizaliwa Leipzig, Ujerumani, tarehe 13 Septemba 1819, akafundishwa piano na baba yake, Friedrich Wieck, ambaye baadaye alimkatalia katakata kuolewa na mtunzi Robert Schumann, hata wachumba hao wakalazimika kwenda mahakamani. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840. Utunzi wa okestra aliupiga mwaka 1835, akiwa na miaka 16, mtunzi Felix Mendelssohn akiongoza okestra. Ule mwingine ni wa 1846. Ila chapa nyingi za siku hizi huandika Schumann juu ya vyote, kwa hiyo usiliamini jalada peke yake. (Sikiliza sehemu ya pili ya ule wa 1835: karibu okestra nzima hunyamaza, piano ikabaki na selo moja.)

Robert alipofariki mwaka 1856, Clara, akiwa na watoto saba wa kulea, aliacha karibu kabisa kutunga, akazunguka Ulaya akipiga piano, na kuanzia 1878 akafundisha Frankfurt. Katika wasifu wako usimtaje tu kama mke wa mtunzi. Jukwaani alivuma kabla ya mumewe.