Samaki wadogo bwawani: pima urefu na uzito kabla hamjaamua kusimamisha uvuvi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema miaka mitatu sasa bwawa lenu linatoa perege wadogo tu. Nusu ya wenzako wanataka uvuvi usimamishwe, nusu hawataki, na vifaa mlivyonavyo ni rula na mizani. Nimepima samaki wa maji baridi kwa miaka 11, wengi wao kwa vifaa hivyohivyo, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kabla ya yote, udogo wa samaki ni dalili ya magonjwa mawili ambayo dawa zake zinapingana. La kwanza ni kuvuliwa mno. Kila anayefikia ukubwa wa wavu anatolewa, wanabaki vijana, na kwa kuwa ni wachache wanakula wakashiba. La pili ni kujazana. Perege wakibanana huanza kuzaa wangali wadogo, watoto wanaongeza msongamano, chakula kinapungua, na mwisho bwawa linajaa samaki wenye umri mkubwa waliodumaa. Wa kwanza wanahitaji kupumzishwa, wa pili wanahitaji kupunguzwa. Mkisimamisha uvuvi kwenye bwawa la waliodumaa, mtakaporudi mtawakuta wengi zaidi na wembamba zaidi. Ndiyo maana huwa naumia nikiona uamuzi unafanywa kwa kuchungulia ndoo.

Rula peke yake haiwezi kukutofautishia magonjwa haya. Samaki wa sm 14 ni wa sm 14 kote kuwili. Uzito wake ndio unaotoboa siri.

Sasa upimaji wenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mlaze samaki ubavu kwenye ubao, pua iguse kabisa kizuizi, mdomo ufungwe, kisha ubane ncha za mkia kwa vidole na usome milimita. Huo ni urefu kamili. Wapo wanaopima mpaka pale nyama ya mwili inapoishia na mkia unapoanza, huo tunauita urefu sanifu. Vyote viwili ni halali, ila chagua kimoja na ukiandike juu ya kila ukurasa. Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa wawili tukipokezana ubao. Mwenzangu alifundishwa urefu sanifu, mimi urefu kamili, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Perege mwenye urefu kamili wa sm 20 ana urefu sanifu wa kama sm 16. Basi siku za zamu yake samaki walionekana wanene karibu mara mbili ya siku za zamu yangu, na wiki nzima tulikuwa tukitafuta sababu ndani ya maji. Takwimu za miezi minne zilitupwa. Mpaka leo zinaniuma.

Kwenye mizani, mfute samaki maji, jikinge na upepo, na uhakikishe inarudi sifuri kila mara. Mizani inayoruka kwa gramu 5 haifai kwa wadogo: kwa samaki wa gramu 19 inaweza kukosea zaidi ya asilimia 10, na tofauti unayoitafuta inaweza kuwa hiyohiyo.

Hesabu ya kuanzia inaitwa kipimo cha Fulton, nayo inaonyesha samaki ni mnene kiasi gani kwa urefu wake. Zidisha urefu wa sentimita kwa wenyewe mara tatu, gawa uzito wa gramu kwa jibu hilo, kisha zidisha kwa 100. Wa sm 20: 20 × 20 × 20 ni 8,000. Akiwa na gramu 152 anapata 1.9, akiwa na gramu 116 anapata 1.45. Kwa rula hao ni mapacha. Ukiwashika utaona wa pili kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, mgongo una makali, na tumbo limeingia ndani. Usimlinganishe perege na kambale, maana kambale ni mrefu kwa umbile na hafikii namba ya perege hata awe ameshiba. Linganisha spishi moja, ukubwa unaokaribiana, msimu uleule. Majike uwaweke pembeni, kwa sababu mayai nayo yana uzito, na jike aliyekonda anaweza kukudanganya kwa mayai yake.

Kwa nini ukubwa unaokaribiana? Kipimo hicho kinachukulia kwamba samaki akirefuka mara mbili, uzito unaongezeka mara nane, yaani umbo halibadiliki. Samaki wengi hawafuati hivyo sawasawa. Ukichora logi (logarithimu, ile ya kwenye kikokotoo) ya uzito dhidi ya logi ya urefu utapata mstari, na mteremko wake mara nyingi huwa kati ya 2.5 na 3.5. Ukizidi 3, samaki wananenepa kadiri wanavyorefuka. Ukipungua 3, wakubwa ni wembamba kuliko wadogo, na kwa mtu anayeshuku msongamano hilo ni jambo la kulitazama kwa makini. Mwaka 1951 mtafiti Le Cren, aliyechunguza samaki waitwao perchi wa ziwa Windermere huko Uingereza, alionyesha njia ya kuliepuka tatizo hili: tumia mstari huo kukadiria uzito unaotarajiwa kwa kila urefu, kisha gawa uzito halisi kwa makadirio. Aliye chini ya 1 amekonda kuliko wenzake. Ziwa hilo lina funzo lingine linalokuhusu moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1941 perchi walitolewa kwa wingi sana kwa mitego, na waliobaki wakakua haraka kuliko waliowatangulia.

Halafu panga samaki wote kwa madaraja ya sm 1 na uchore wangapi wako kila daraja. Hapa tahadhari kubwa ni wavu. Wavu wa kutega wenye macho ya ukubwa mmoja huwapitisha wadogo, na wakubwa hugonga wakarudi bila kunasa, kwa hiyo grafu inakuonyesha wavu wako ukidhani umeliona bwawa. Tumieni kokoro (wavu wa kukokota) lenye macho madogo, au nyavu za macho tofauti. Na kwa kuwa perege huzaa mara nyingi kwa mwaka, usilazimishe kila kilima cha grafu kiwe rika la mwaka mmoja.

Mkiwakuta wadogo, wanene, na karibu wote hawajapevuka, ningeunga mkono kupumzisha bwawa na kupanua macho ya nyavu. Mkiwakuta wembamba huku majike wa sm 12 wamejaa mayai, vueni, tena kwa wingi. Wakiwa wamekonda ghafla wa kila ukubwa, chunguzeni maji na magonjwa kwanza.

Anzeni na samaki 100, bila kuchagua wazuri. Uweke hapa urefu na uliupima vipi, uzito, jinsia, ana mayai au hana, na macho ya wavu uliomnasa. Nitakaa na wewe kwenye hesabu mpaka tuuchore huo mstari.