Hiyo slaidi itasimama lini?

SWALI: Natengeneza tovuti ya habari za michezo. Juu kabisa kuna picha tano zinazopishana zenyewe kila baada ya sekunde 4, na pembeni kuna kisanduku cha matokeo kinachojisasisha kila nusu dakika. Msomaji mmoja mwenye ulemavu ametuandikia kwamba ukurasa wetu "unamkimbia". Bosi anasema tukiondoa mwendo, tovuti itaonekana imelala. Nifanyeje?

JIBU: Mwambie bosi atulie, hakuna anayetaka kuizika tovuti yake. Mimi ni kipofu na natumia kisoma skrini, kwa hiyo malalamiko ya huyo msomaji nayajua vizuri.

Kisoma skrini ni kama mtu aliyekaa sikioni mwangu akinisomea. Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu, nimefika tarakimu ya saba ya namba ya kadi, ghafla nasikia: "Goli, dakika ya 63." Hongera kwao, ila mimi nilikuwa nimefika wapi? Nikafuta, nikaanza upya. Nusu dakika baadaye, yale yale, na goli jipya hakuna! Kisanduku kilikuwa kinarudia matokeo yote tangu mwanzo.

Mara nyingi kosa ni neno moja kwenye msimbo. Ukiandika aria-live, alama inayokiambia kisoma skrini kitangaze mabadiliko, ukaipa thamani ya assertive, umekiamuru kisoma skrini kinikate kauli. Weka polite, kisubiri nitulie. Kitangaze kilichobadilika tu, na saa inayohesabu sekunde isitangazwe kabisa. Kisha niachie hatamu: niweze kukisimamisha kisanduku, au kuchagua matokeo yaje kila dakika tano.

Kwa slaidi, yaani hizo picha zinazopishana, kanuni si ngeni. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza namna ya kufanya tovuti zitumiwe na watu wenye ulemavu, wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, umeisema tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008: kitu kikianza kusogea chenyewe, kikaendelea zaidi ya sekunde 5 sambamba na maudhui mengine, pawe na njia ya kukisimamisha au kukificha. Hilo ni sharti la daraja A, la chini kabisa. Wala msidhani mmepona kwa kuwa kila picha inakaa sekunde 4. Kinachohesabiwa ni mwendo wote. Na kisanduku kinachojisasisha chenyewe hakipewi hata hizo sekunde 5.

Kitufe nacho kiwe kitufe kweli. Nimekuta tovuti ambayo slaidi husimama ukipeleka kipanya juu yake. Kipanya! Mimi nina kibodi tu. Kiwekeni kabla ya slaidi zenyewe, na kiwe na jina, maana nikisikia "kitufe" peke yake nabaki kubahatisha. Nikisimamisha, isianze tena mpaka niseme.

Tusioona hatuko peke yetu. Anayesoma polepole, picha humtoroka kabla hajamaliza sentensi. Mwenye matatizo ya sikio la ndani hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Wengi wa hawa wameshawasha mpangilio wa kupunguza mwendo kwenye simu zao. CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, inaweza kuuangalia kwa amri ya prefers-reduced-motion, na slaidi zikaanza zikiwa zimetulia. Ni mistari michache tu, sijui kwa nini watu huiruka.

Kuhusu kumetameta sina mjadala: kusizidi mara 3 kwa sekunde. Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilimulika nyekundu na bluu kwa kasi, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali.

Bosi akiendelea kubisha, mpe habari moja aisome kwa sauti, nawe simama nyuma yake umtajie matokeo sikioni kila nusu dakika. Chagua habari ndefu.