Subaru WRX inatoa moshi mweusi: pima mvujo kwanza, busti baadaye

Mkubwa, umesema WRX yako inatoa moshi mweusi ukikanyaga, nguvu inapotea injini ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika, na fundi anataka kupandisha busti (shinikizo la hewa ya tabo) kabla ya safari zako za Limuru msimu huu wa baridi. Mwambie asubiri. Hizo ni dalili za hewa inayovuja baada ya tabo, ile feni inayozungushwa na ekzosi kusukuma hewa ndani ya injini.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na mgandamizo wa hewa ni kama bar 0.81, wakati Mombasa ni 1.01. Busti ya bar 1 kule Pwani ni tabo kuikandamiza hewa mara mbili. Hapa busti hiyohiyo inadai mara 2.2, kwa hiyo tabo inazunguka kwa kasi zaidi hata kabla hujagusa kitu. Ikiwa na mvujo inalazimika kufidia zaidi, na ukipandisha busti juu yake utanunua tabo nyingine.

Moshi unatoka wapi? Sensa ya hewa imekaa kabla ya tabo. Hewa ikishahesabiwa, kompyuta inamwaga petroli ya kiasi hicho, kisha sehemu ya hewa inatoroka njiani. Gari likiunguruma vizuri bila kukanyagwa lakini linafuka kwenye busti, shuku hozi kati ya tabo na throtoli (mlango wa hewa ya injini). Mshale wa mizunguko ukipanda na kushuka gari likiwa limesimama, tundu liko baada ya throtoli: vihozi vya vakyumu, gasketi ya manifoldi au mipira ya injekta.

Kifaa cha kupimia unajitengenezea: kifuniko cha bomba la PVC kinachobana kwenye hozi ya kuingiza hewa baada ya sensa, ukitoboe na kufunga valvu ya tairi la tyubulesi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa na uzibe hozi za pumzi za injini zinazoungana hapo, la sivyo utasukuma hewa ndani ya injini na kung'oa sili. Jaza psi 10, usipite 15, kisha nyunyiza maji ya sabuni. Anza na hozi ya intakula (kipoza hewa) inayoshuka kwenye throtoli, hiyo hupasuka upande wa chini usioonekana, halafu gasketi ya valvu ya kupumulia busti. Mlio mdogo kwenye mdomo wa oili ni kawaida. Ringi za pistoni huwa zinapitisha kidogo.

Jambo moja mafundi wengi huharibu bila kujua: ndani ya kihozi kati ya tabo na ile T ya westigeti (valvu inayozuia busti kupita kiasi) kuna kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba. Wakibadilisha hozi kuukuu wanaitupa nacho, busti inashuka, na wewe unapelekwa kwa wauza vipuri wa Grogan kutafuta solenoidi mpya (valvu ya umeme ya busti) wakati ya zamani haina kosa.

Kuhusu baridi: usikanyage busti hadi oili ipate moto, na oili huchelewa nyuma ya geji ya maji. Zaidi ya hapo, angalia ubavu wa tairi. Magari mengi ya Japani hushuka bandarini na tairi za theluji zilizoandikwa STUDLESS. Raba yake ni laini, imetengenezewa baridi ya chini ya nyuzi 7, na asubuhi ya Julai hapa ni nadra kufika huko. Kwenye lami yenye maji pale Kimende zinateleza, na breki huchukua masafa marefu. Zibadilishe kabla ya kutumia shilingi yoyote kwenye injini, na usome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ubavu wa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.