Mwili wa Mkanda Mweusi, Pumzi ya Mkanda Mweupe

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mwaka wa 6 huu napiga vyuma, kifua kimejaa. Nataka kuanza judo. Mkanda mweusi nitaupata baada ya muda gani?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilo hilo nilikuwa nalo mimi, na jibu lilinikuta mbele za watu.

Nilikuwa na mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi; mweupe ni wa anayeanza. Kwenye mtihani wa dan ya kwanza, yaani ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi, tulitakiwa kuonyesha nage-no-kata, kata (mfuatano uliopangwa) ya mitupo iliyotoka Kodokan, chuo alichokianzisha mwasisi wa judo, Jigoro Kano, mwaka 1882. Ina mitupo 15 katika mafungu 5. Sisi tulipewa mafungu 3 ya mwanzo, yaani mitupo 9, kila mmoja kulia na kushoto. Jumla 18. Nikajiambia, mimi ninayechuchumaa na kilo 120 mabegani, hiyo si kazi.

Mtupo wa tatu ni kata-guruma. Unaingia chini ya mwenzako, unambeba mabegani kama gunia, unasimama naye, kisha unamtupa. Kulia alipaa vizuri. Kushoto magoti yakaanza kucheza. Nguvu nilikuwa nazo, hewa ndiyo sikuwa nayo. Kila nilipokamata vazi la mwenzangu nilibana pumzi, kama nilivyozoea chini ya chuma. Huko kubana kuna kazi yake: kiwiliwili kinakaza na mgongo unapata egemeo, ingawa presha nayo inapanda. Lakini chuma ukishakirudisha unakaa, unakunywa maji, unajitazama kwenye kioo. Kata haina kukaa.

Nilifika mwisho nikihema mdomo wazi. Mtahini mmoja akasema, tena kwa sauti: "Huyu ana mwili wa mkanda mweusi na pumzi ya mkanda mweupe." Ukumbi mzima ukacheka. Miaka 4 imepita. Alikuwa sahihi, sibishi, lakini angeweza kuniita pembeni.

Miezi kadhaa sikukanyaga mkeka. Hiyo tuiache.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka yoga, nami nilikwenda shingo upande. Tukaambiwa viganja chini, nyayo chini, makalio juu, tukae hivyo. Dakika haijaisha mabega yangu yanatetemeka, na pembeni yangu mama wa rika la mama yangu mzazi katulia tuli. Mwalimu akapita, akaniambia neno moja tu: "Pumua." Wallahi sikujua kama nimebana! Mtu mzima, nimefanya mazoezi miaka yote hiyo, nafundishwa kupumua.

Basi ndugu yangu, ushauri wangu ni huo. Pumua. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, dakika 5 kila asubuhi kabla hujashika simu. Ukipiga pushapu, toa pumzi unaposukuma. Ukianza judo utafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, na pumzi inatoka papo hapo. Wengi wanajifunza mkono, pumzi wanaisahau. Na usiulize muda. Shodan, hiyo dan ya kwanza mnayoililia, maana yake ni ngazi ya kuanzia. Mnakimbilia kuanza! Vijana mnajenga vifua vya kupigia picha, ngazi za ghorofa 3 zinawatoa jasho. Nilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana nasema kwa ukali. Acheni kujenga nyumba kwa kupaka rangi ukuta wa mbele. Pumueni kwanza.

Mwezi uliopita nilirudi kufanya mtihani. Mitupo ile ile 18. Kata-guruma ya kushoto ilipofika nilitoa pumzi taratibu nikiinuka, na mwenzangu alikuwa mwepesi mabegani kuliko siku zote za mazoezi. Nilimaliza mdomo umefungwa. Najisifu, ndiyo, niacheni nijisifu.

Yule mtahini alikuwepo. Alinifunga mkanda kwa mikono yake, akanipongeza, kisha akaniuliza kama hii ndiyo mara yangu ya kwanza kujaribu.