Mtoto mchanga huhudumiwa pamoja na anayemlea

Ndugu uliyeuliza kama mtoto wa miezi sita anaweza kuugua moyoni, yaani kihisia, au kama ni kweli wanavyomwambia shemeji yako, mama wa mtoto huyo, kwamba "atakua na kusahau", nakujibu kwa niliyoyaona katika kazi ya kuwatembelea wazazi waliojifungua karibuni.

Anaweza. Hana maneno ya kueleza dhiki yake, lakini huionyesha kwa kukwepesha macho, kunyamaza kupita kiasi, kulia asibembelezeke, au kunyonya na kulala kwa shida. Kwanza apimwe na daktari, kwa kuwa dalili hizo huweza kutokana na maradhi ya mwili.

Namkumbuka mama mmoja aliyemhudumia mwanawe bila kasoro: alimfuta, akambadilisha nepi na kumvika kwa mikono hodari, yote bila kutamka neno, na kila alipomwinamia, mtoto aligeuza shingo akakazia macho dirishani. Alikwisha kusadiki kwamba mwanawe hampendi, kumbe yeye mwenyewe alikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hatukuanza na mawaidha, bali na usingizi wake: mume alishika zamu ya usiku, na jamaa wakaombwa waache kumlinganisha na wazazi wengine. Ndipo nilipoketi kando yake wakati wa kubadilisha nepi, nikamwomba asubiri mtoto amtazame kwa hiari yake, kisha aiitikie sauti yoyote atakayoitoa. Mtoto alimtupia jicho, akageuka, akarudi tena kumtazama. Mama akalia, nami sikumharakisha.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha kwamba mama akitulia na kumkabili mtoto kwa uso usioonyesha hisia, hata kwa dakika chache, mtoto hujitahidi kumchangamsha, kisha hukata tamaa na kugeukia pembeni. Wazazi wengi wakisikia hayo hushikwa na hofu, nami huwaeleza upande wa pili wa tafiti zake: hata mama na mtoto wasio na tatizo hupishana mara nyingi kwa siku, mmoja akimtafuta mwenzake asiitikiwe, na kinachomjenga mtoto ni kule kupatana tena baada ya kupishana. Nawasihi wazazi wanaojilaumu walishike hilo kuliko jingine lolote.

Shemeji yako aombe kliniki kipimo cha Edinburgh cha kutambua dalili za sonona baada ya kujifungua, kilichochapishwa mwaka 1987, chenye maswali 10 kuhusu hali yake ya siku 7 zilizopita. La mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Asilijibu kwa kuona haya. Mumewe naye aulizwe hali yake, maana akina baba pia hupata sonona na huificha zaidi.

Lakini mzazi akianza kusikia sauti zisizokuwepo, kukesha bila kuhisi usingizi, kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, au kusema atajidhuru, msingoje miadi ya kliniki: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na njiani asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.